UZI: Ukifika Cape Breton kwa gari na fimbo zako, usiondoke bila kucheza Highlands Links

Mpwani wa Halifax (mwanzisha uzi)

Wadau wa gofu na wapenda safari za barabarani, salaam.

Kiangazi kikikaribia, ndugu zetu wa Toronto, Ottawa na Montreal huanza kupanga safari ya Nova Scotia kwa gari. Mwenye fimbo za gofu kwenye buti anataja jina moja tu: Cabot. Anafika Inverness, kwenye kisiwa cha Cape Breton, anacheza Cabot Links na Cabot Cliffs, anapiga picha pale juu ya majabali, kisha anageuza gari kurudi. Sina ugomvi na viwanja hivyo, ni vizuri kweli. Kinachoniuma ni kwamba ng'ambo ya pili ya kisiwa hichohicho, mwendo wa saa mbili na ushei kwa barabara ya Cabot Trail, kuna Highlands Links pale Ingonish, na wengi hawafiki. Wengine hawajawahi hata kuusikia.

Nataka kuutetea uwanja huu hapa, kwa urefu, maana kwa msafiri wa barabarani naona ndio bora kuliko wote Kanada ya mashariki.

Uliochora uwanja huo ni mkono wa Stanley Thompson, mzaliwa wa Toronto, aliyeishi 1893 hadi 1953. Kama umewahi kuona picha za Banff Springs au Jasper Park, milima ya Rockies ikiwa nyuma ya grini (nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo), basi umeona kazi yake. Mwaka 1947 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wachoraji viwanja vya gofu cha Marekani. Banff na Jasper watu wanapanga foleni na kulipa kwa uchungu. Ingonish ni mtu yuleyule, na kazi aliyoifanya akiwa ameshakomaa.

Hifadhi ya Taifa ya Cape Breton Highlands iliundwa 1936, katikati ya miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Serikali ilitaka kivutio cha watalii, na vijana wa Ingonish na vijiji vya jirani walitaka ujira. Thompson aliitwa achore mashimo tisa. Alipoliona eneo akang'ang'ania yawe 18, akakubaliwa. Kazi ikaanza 1939, uwanja ukafunguliwa 1941. Tusisahau pia kwamba familia za wavuvi na wakulima zilihamishwa ili hifadhi ipatikane, na wajukuu wao bado wapo hapo Ingonish. Ukicheza pale unakanyaga mashamba ya watu. Mimi huwa nalikumbuka hilo, na naona kila mgeni anapaswa kulijua.

Sasa tuje uwanjani. Ardhi ile ni mawe. Vibarua walifanya kazi kwa sururu, koleo na farasi. Mawe yasiyoondoleka yalirundikwa, yakafunikwa udongo, juu yake nyasi. Ndiyo maana feawei zake, yaani njia za nyasi zinazoelekea kwenye grini, zina mabonde na vinundu vinavyofuatana kama mawimbi. Unaweza kupiga mpira mzuri katikati kabisa, ukaukuta umekaa mahali ambapo mguu mmoja uko juu na mwingine chini. Wapo wanaolalamika. Mimi naona hapo ndipo gofu ilipo: mkwaju wa pili unakuwa swali jipya kila mara, na huwezi kulijibu kwa fimbo ya bei ghali.

Mashimo ya mwanzo yako upande wa bahari. La kwanza linapanda kuelekea mlima Franey, la pili linashuka na bahari inajitokeza mbele yako. La nne ni fupi lakini grini yake imekaa juu ya kilima, mpira ukipungua kidogo unarudi chini hadi miguuni mwako. Kisha la sita na la saba, yote mawili ya mikwaju mitano (mchezaji mzuri anatarajiwa kuumaliza mpira kwa mikwaju hiyo), moja baada ya jingine. La saba linaitwa Killiecrankie, jina la njia nyembamba ya milimani Uskoti palipopiganwa vita 1689. Ni yadi 570 hivi, unapita kwenye msitu uliobana kulia na kushoto, ardhi inapanda na kushuka mwanzo mpaka mwisho. Ukilitoka na mikwaju sita, shukuru Mungu na uendelee.

Baada ya hapo uwanja unaiacha bahari na kuingia bondeni, unafuata kijito cha Clyburn. Ukimaliza la 12 huendi moja kwa moja kwenye la 13. Unatembea kando ya mto, maji yanapita juu ya mawe, milima iko juu yako, na kwa dakika kadhaa hakuna mtu anayepiga mpira. Kuna watu wanasema huu ni upungufu wa mchoraji, mashimo yako mbali mbali mno. Nawapinga kabisa. Thompson alitaka utembee. Mzunguko mzima ni kama kilomita 10 ukihesabu na mwendo wa katikati, na sehemu ile ya mto ndiyo inayokuandaa kwa mashimo ya mwisho, ambayo yanakurudisha kilimani na baharini. Kwenye la 15 unaona kisiwa cha Ingonish majini mbele yako. La 16 ni la mikwaju mitano tena, fupi kwa yadi, lakini mlima mtupu, na hakuna sehemu hata moja ya bapa ya kuwekea miguu.

Hesabu nzima ya uwanja ni mikwaju 72: mashimo matano ya mikwaju mitano, matano ya mikwaju mitatu, manane ya mikwaju minne. Mgawanyo huo ni nadra, na ndio unaofanya usichoke, maana kila ukigeuka unakutana na kitu kingine.

Karibuni kwa maswali na hata kwa ubishi.

---

Karen Hadi Brampton

Mkuu, asante kwa uzi mzito. Mimi ni Mkenya, nilianzia gofu Nairobi ambako una kedi anayekuambia kila kitu: upepo, mteremko wa grini, hata fimbo ya kuchukua. Hapa Kanada niligundua kwamba unabeba begi lako mwenyewe na hakuna wa kumuuliza. Kwa uwanja wenye milima hivyo, mtu wa miaka hamsini na kitu anaweza kutembea kweli? Au nichukue kigari cha gofu?

---

Mpwani wa Halifax

Ndugu yangu, kigari kinaruhusiwa na wengi wanakitumia, hakuna atakayekushangaa. Ila kama magoti yanaruhusu, tembea na toroli la kusukuma. Ukikaa kwenye kigari unapita njia ya vigari, unakimbizwa kutoka mpira hadi mpira, na ule mwendo wa mtoni unaisha kabla hujauona. Ondoka asubuhi mapema, chukua maji ya kutosha, panga masaa manne na nusu hadi matano. Mahali pagumu kwa mapafu ni la 1, la 4 na la 16. Kwingine ni kupanda na kushuka kwa kawaida.

Kuhusu kedi, kweli hilo tunalikosa. Grini za Thompson zina miteremko iliyofichika. Ushauri wangu ni huu: angalia mlima uko wapi na bahari iko wapi. Mara nyingi mpira unavutwa kuelekea chini bondeni hata pale jicho linapokuambia pamenyooka.

---

Fimbo Saba

Naomba nitofautiane na mwanzisha uzi. Nilicheza hapo miaka ya nyuma, sikuvutiwa. Nyasi zilikuwa na mabaka, kwenye baadhi ya mashimo miti ilikuwa imesogea mpaka huoni bahari, na mashimo ya mchanga yalikuwa magumu kama barabara. Cabot Cliffs kila kitu kimekaa sawa. Ukiwa umeendesha siku mbili toka Ontario unataka uhakika, hutaki historia.

---

Mpwani wa Halifax

Fimbo Saba, unachosema kina ukweli na sitakificha. Highlands Links ulipita kipindi kirefu cha kukosa matunzo. Mwaka 2000 jarida la SCOREGolf liliuweka wa kwanza Kanada nzima, kisha ukaanza kuteremka. Sababu si moja. Uwanja uko ndani ya hifadhi ya taifa, na kila mti unaotaka kuukata una taratibu zake. Misonobari ilikua miaka sitini bila kupunguzwa, ikaziba jua, na nyasi za grini bila jua na upepo haziponi. Kijito cha Clyburn nacho kikifurika kinaharibu mashimo ya bondeni. Msimu wa baridi kule ni mkali na msimu wa kuchezea ni mfupi, kwa hiyo uharibifu wa mwezi mmoja unaweza kula mwaka mzima.

Lakini kazi ya kuurejesha ilifanyika. Mchoraji Ian Andrew aliongoza marekebisho, miti mingi ikaondolewa, madirisha ya bahari na milima yakafunguka tena. Siku hizi ardhi ni ya hifadhi na uendeshaji umekodishwa kwa kampuni ya gofu. Si kwamba utakuta zulia. Bado kuna sehemu zinahitaji huruma yako. Ninachosema ni kwamba mifupa ya uwanja ni ile ile aliyoiweka Thompson, na mifupa hiyo hakuna nyasi mbaya inayoweza kuificha.

Na tukizungumza bei, raundi moja Cabot Cliffs wakati wa kiangazi unalipa zaidi ya maradufu ya hapa. Kwa familia iliyoko safarini hiyo ni tofauti ya chumba cha kulala na chakula.

---

Kivu Sherbrooke

Aksanti sana ndugu. Mie niko Quebec, sichezi gofu ila mume wangu ndiye mgonjwa wa mchezo huu. Tuna watoto wawili. Akienda kucheza masaa matano, sisi tufanye nini huko Ingonish? Sitaki kukaa kwenye gari na watoto wananililia.

---

Mpwani wa Halifax

Dada, nyinyi ndio mtafurahi kumzidi yeye. Kwanza Ingonish Beach: ufuko wa bahari uko upande mmoja, na nyuma yake tu kuna ziwa la maji yasiyo na chumvi. Watoto wakiona bahari ina ubaridi, na Atlantiki ya kule ina ubaridi wa kweli, mnahamia ziwani kwa miguu. Watoto huchanganyikiwa kwa furaha.

Pili, njia ya Middle Head. Inaanzia karibu na hoteli ya Keltic Lodge, inapita juu ya rasi nyembamba inayoingia baharini, maji kulia na kushoto. Watoto wa shule wanaiweza. Ukiwa na nguvu zaidi kuna njia ya Franey, hiyo inapanda hasa, kule juu unaliona bonde la Clyburn lote na bahari. Pia upande wa kusini kuna mlima Cape Smokey ambao siku hizi una gondola ya kukupeleka kileleni, kwa asiyetaka kupanda kwa miguu.

Kumbuka kwamba hifadhi ina ada ya kuingia kwa siku. Angalieni utaratibu wa mwaka husika kwenye tovuti ya Parks Canada kabla ya kuondoka.

---

Mchaga wa Moncton

Naongezea kwa wanaotoka mbali, maana njia hii naifahamu. Toka Quebec unashika barabara kuu ya Trans-Canada, unapita Edmundston, Fredericton, Moncton, kisha Truro. Unaingia kisiwa cha Cape Breton kwa tuta la barabara la Canso linalokatiza bahari, lililofunguliwa 1955 na lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko.

Ukishavuka unafika njia panda. Kushoto barabara namba 19 inakwenda Inverness, kuelekea viwanja vya Cabot. Ukishika namba 105 unakwenda Baddeck na St. Ann's, unaingia Cabot Trail kutokea upande wa mashariki. Mimi nawashauri mshike 105. Mkizunguka kinyume cha saa mnakuwa kwenye ubavu wa barabara ulio karibu na maji, na Kanada tunaendesha kulia, kwa hiyo sehemu za kusimama kupiga picha zinakuwa upande wenu, hamkati barabara. Tena Ingonish mtaifika mapema, mkiwa bado na nguvu.

Pale Baddeck simameni kwenye jumba la makumbusho la Alexander Graham Bell. Ndege ya Silver Dart iliruka juu ya barafu ya Baddeck mwaka 1909, ndiyo ilikuwa ndege ya kwanza yenye injini kuruka Kanada. Watoto watapenda.

---

Mpwani wa Halifax

Mchaga umemaliza kila kitu. Hiki alichosema kuhusu kuanza na upande wa mashariki ndicho kiini cha uzi wangu. Wengi wanashika 19 kwa sababu ya Cabot, wanacheza Inverness wakiwa wabichi, halafu wakiona ramani inawaambia saa mbili zaidi za kona na milima kwenda Ingonish, wanaahirisha. Ukianza na Ingonish, unacheza Highlands Links, unalala hapo, kesho yake unazunguka juu kupitia Neils Harbour, Cape North na Pleasant Bay, unashuka Chéticamp kwa Waakadia wanaoongea Kifaransa, halafu Inverness inakuja yenyewe njiani. Cabot Trail nzima ni kilomita 298. Hapo unakuwa umeona kazi ya 1941 na kazi ya karne hii kwa safari moja, na utajua mwenyewe ipi imekukaa moyoni.

---

Handikapu Thelathini

Mimi ni mwanzilishi kabisa, nina mwaka mmoja tu tangu nishike fimbo, na mipira naipoteza kama njugu. Je, nitaaibika? Sitaki kuwachelewesha wazungu nyuma yangu.

---

Mpwani wa Halifax

Hutaaibika. Kaa kwenye sehemu za mbele za kuanzia, uwanja unafupika sana. Pia si uwanja wa maji kila mahali. Hatari yake kubwa ni msitu. Mpira ukiingia msituni usiufuate ndani. Weka mwingine, songa mbele. Acha ile fimbo kubwa begini kwenye la saba, tumia unayoiamini. Ukiona kundi la nyuma limekukaribia, wape nafasi wapite, huo ni ustaarabu wa kawaida na watakushukuru.

Tena nakuambia kitu kimoja: kwa mchezaji anayeanza, uwanja huu unafundisha haraka kuliko uwanja tambarare wa manispaa. Raundi moja hapa unajifunza kupiga mpira ulio juu ya miguu yako, ulio chini yake, wa kupanda na wa kushuka. Wengine wanacheza miaka bila kukutana na hayo yote.

---

Karen Hadi Brampton

Swali la mwisho kwangu: mwezi gani? Nina likizo Juni, lakini naweza kusogeza.

---

Mpwani wa Halifax

Ukiweza kusogeza, sogeza. Juni kuna inzi weusi wadogo wanaouma, na bondeni kando ya Clyburn ndiko nyumbani kwao. Asubuhi za Juni pia kuna ukungu unaoweza kufunika bahari mpaka saa nne au tano. Julai na Agosti ni joto zuri lakini vyumba vinajaa, usiende bila kuweka nafasi.

Mimi nachagua mwisho wa Septemba hadi mapema Oktoba. Majani yanageuka mekundu na ya manjano milimani, nyasi zimeshakomaa baada ya kiangazi chote, inzi hakuna. Oktoba kuna tamasha la muziki la Celtic Colours, fidla na ngoma za Kiskoti kwenye kumbi za vijiji, kisiwa kizima kinachangamka. Jambo la kuangalia ni vimbunga vya vuli. Fiona ya Septemba 2022 iliangusha miti mingi sana kisiwani. Fuatilia taarifa za hali ya hewa kabla hujaanza safari.

Na usiendeshe Cabot Trail usiku kama unaweza kuepuka. Kuna moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha kumpita farasi. Machweo ndiyo saa yake ya kuvuka barabara, na rangi yake ya giza inapotelea kwenye lami.

---

Fimbo Saba

Sawa, nimekusoma. Nakiri nilicheza kabla ya hayo marekebisho ya miti. Mwaka huu napita tena na shemeji, tutaanza na 105 kama mlivyosema. Nipe moja: kama nina siku moja tu Ingonish na mvua ikanyesha, nisubiri au niendelee na safari?

---

Mpwani wa Halifax

Subiri mpaka mchana. Mvua ya pwani ile mara nyingi inapita, na mchana baada ya mvua uwanja unakuwa mtupu, wengi wanakuwa wameshafuta nafasi zao. Piga simu kwenye duka la uwanja usiku wa kuamkia siku hiyo, uliza kama bonde la Clyburn limejaa maji, maana hilo ndilo linaloamua kama la 12 na la 13 yanachezeka. Wakikuambia yako sawa, vaa koti la mvua, chukua taulo mbili na glavu za akiba, anza saa nane mchana. Mwanzoni mwa Septemba jua linazama kama saa moja na nusu jioni kwa saa za huko, mwisho wa mwezi linawahi zaidi, kwa hiyo mkienda wawili bila kuzubaa mtamaliza la 18 mkiwa bado mnauona mpira.

Ukirudi, njoo hapahapa utuambie la 16 mmelipiga ngapi, wewe na shemeji.